Bustani ya Uwani: Urithi wa Watu wa Andalus



Nyumba niliyozaliwa, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ina ua mdogo katikati, ambao sidhani wazidi hatua nane kwa sita. Zamani mlikuwa na mkomamanga mmoja, na kando ya ukuta ilipangwa mitungi mibovu, ile iliyopasuka ikawa haifai tena kuwekea maji. Marehemu mama aliitia udongo; mmoja ukawa na mrehani, mmoja mwasumini, mmoja pilipili. Siku za harusi majirani walikuja kuchuma vikuba kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita mwanangu alimleta fundi. Wakaukata mkomamanga, wakaitupa mitungi, na ua wote ukamwagiwa simiti, kwa hoja kwamba udongo ni uchafu na simiti ni maendeleo. Nilikuwapo, nikanyamaza, maana nyumba ni yake pia na nia yake ilikuwa njema. Tangu siku hiyo adhuhuri hapakaliki uwani kwa joto, na mvua ikinyesha sana maji hayana pa kuingia ila sebuleni kwetu. Nami nikawa najiuliza: hivi sisi Waislamu tangu lini tukaona udongo ndani ya nyumba ni aibu? Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye tarikhi ya Andalus, nchi ambayo leo ni Uhispania na Ureno, kwa kuwa huko ua wa nyumba ulifanywa kuwa elimu.

Mwaka 750 dola ya Banu Umayya iliangushwa huko Sham, na jamaa zao wakawindwa na kuuawa. Kijana mmoja wao, Abdur-Rahman bin Muawiya, alikimbia akapita Afrika ya Kaskazini, na mwaka 755, yaani mwaka 138 wa Hijra, akavuka bahari kuingia Andalus. Mwaka uliofuata akawa amiri wa Cordoba. Watu wengi wanajua habari za vita vyake. Mimi napenda zaidi habari za bustani yake. Nje ya mji alijenga jumba akaliita Rusafa, jina la jumba la babu yake, Khalifa Hisham, kule Sham, na akapanda humo miti ya kwao. Mtende wake mmoja ni mashuhuri hata leo, kwa kuwa aliutungia beti akiuona kuwa mgeni mwenzake katika nchi ya mbali.

Kadhalika wanahistoria wa Andalus wanasimulia juu ya komamanga. Dada yake amiri alibaki Sham, na mjumbe aliporudi kutoka huko alileta makomamanga ya Rusafa ile ya zamani. Amiri akawaonyesha watu wa baraza lake kwa fahari na kuwagawia. Mmoja wao, jina lake Safar bin Ubayd al-Kilai, hakutosheka na kula. Alichukua mbegu mpaka kijijini kwake, katika mkoa wa Rayya upande wa Malaga, akaziotesha, akaitunza miche hata ikazaa, kisha akamletea amiri matunda yale yale yaliyokuwa ya ugenini, sasa yamezaliwa Andalus. Amiri akafurahi sana, akaipanda Rusafa, na komamanga hilo likaitwa safari kwa jina la mtu yule. Msomaji wa Kiswahili atalisikia neno hilo kwa maana nyingine, wala hatakosea sana, maana lilitoka mbali.

Basi mti ukaingia hata msikitini. Abdur-Rahman huyu ndiye aliyeanza kuujenga Msikiti Mkuu wa Cordoba, mwaka 785 au 786, na uani mwake ikapandwa miti. Jambo hili halikupita bila mjadala wa kifiqhi. Imamu Malik na wafuasi wake hawapendi miti ipandwe msikitini, na sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi tunajua kuwa vitabu vyetu navyo vinasema ni makuruhu. Lakini Imamu al-Awzai wa Sham aliona hapana ubaya, na zama zile wako waliomfuata katika Andalus. Miti ya Cordoba ilipandwa katika siku za Saasaa bin Sallam, mwanachuoni aliyekuwa wa madhehebu hayo. Baadaye nchi nzima ikafuata Malik, na miti haikung'olewa. Sijui mfano mwingine ulio mzuri kama huu wa hitilafu ya maulamaa ambayo watu wameketi kivulini mwake. Michungwa iliyopo hapo leo si ile ya mwanzo, na jengo lenyewe ni kanisa tangu mji ulipotekwa mwaka 1236, lakini ua ungali na miti.

Sasa, ndugu msomaji, usidhani kwamba bustani ilikuwa ya maamiri tu. Elimu hii ilishuka mpaka kwa mwenye nyumba wa kawaida, na ilishuka kwa njia ya vitabu. Mwaka 961 iliandikwa mjini Cordoba kalenda ya kazi za mwaka, ikatolewa kwa jina la Khalifa al-Hakam wa Pili. Inahusishwa na Arib bin Saad, aliyekuwa Mwislamu, na askofu wa Kikristo aliyeitwa Rabi bin Zayd. Mwezi baada ya mwezi inaeleza nyota, mvua, mazao na shughuli za mashamba. Tena ilifuata miezi ya jua, kwa sababu mwaka wetu wa Hijra huzunguka, na mkulima hawezi kupanda kwa mwezi wa Rajabu ambao leo ni kiangazi na kesho ni masika. Wazee wetu wa pwani walifanya hivyo hivyo: ibada kwa mwezi mwandamo, kilimo na bahari kwa Nairuzi na miongo yake.

Katika nchi ile mwaka wa mkulima haukuanza majani yanapochipua. Ulianza yanapopukutika, katika kharifu. Kiangazi chao ni kikavu, ardhi inakuwa kama chungu kilichochomwa, na mvua za kwanza hushuka karibu na mwezi wa Oktoba. Hapo ndipo udongo unapolainika ungali na joto, na mti unaopandwa hupata miezi ya kuteremsha mizizi kabla jua kali halijarudi. Tazama basi: mwezi ule ule watu wa Cordoba walipotoka na majembe, ndio sisi huku twatazamia mvua za vuli.

Katika karne ya 11 alikuwapo Toledo mtu aliyeitwa Ibn Bassal. Alimtumikia al-Mamun, sultani wa mji huo, katika bustani iliyokuwa kando ya mto Tagus. Aliandika kitabu juu ya kilimo, na ajabu ya kitabu hicho ni kwamba hategemei kauli za waliotangulia. Anaeleza aliyoyaona kwa macho na kuyafanya kwa mikono. Aliugawa udongo katika aina kumi, kila mmoja na tabia yake, na nini kinaupendeza. Mwaka 1085 Toledo ikatekwa na mfalme Alfonso wa Sita. Ibn Bassal akahama, akaenda Seville, na huko akaanza upya katika bustani ya sultani mwingine. Mtu aliyeacha miti yake nyuma akapata nguvu ya kuchimba tena katika ardhi asiyoijua!

Karne moja baadaye, mwishoni mwa karne ya 12, katika mji huo huo wa Seville aliishi Ibn al-Awwam, mwenye Kitab al-Filaha. Alilima katika vilima vya Sharaf, magharibi ya mji. Ametaja mimea zaidi ya mia tano na miti ya matunda zaidi ya hamsini, na wapo aliowanukuu tele, lakini katika mambo anayoyasema kwa rai yake alikuwa na sharti: hayaandiki mpaka ayajaribu mara nyingi. Nimependa hasa mpangilio wake. Mlango wa kwanza ni udongo. Wa pili mbolea. Wa tatu maji. Mlango wa nne ndipo anapofika kwenye kupanga bustani na kupanda miti. Leo mtu akitaka bustani huanza na maua ya kununua, kisha hushangaa yamekufa.

Katika mbolea aliwafuata wakulima wa zamani waliosifu sana kinyesi cha njiwa. Akafundisha kwamba samadi haitiwi mbichi. Hulazwa ikaoza, ikachanganywa na majani na majivu, ikageuzwa mpaka ile harufu kali na joto vimeondoka. Mwenye nyumba ya mjini aweza kufanya jambo hili katika pipa lililotobolewa chini, kwa maganda ya ndizi na mabaki ya jikoni, akipanga tabaka kavu juu ya tabaka bichi. Mimi nimelifanya, na baada ya miezi mitatu minne hapana inzi wala harufu, kimebaki kitu cheusi kinachonuka kama msitu baada ya mvua.

Ama vyungu, vina sura nyingi katika elimu ile. Iko hila ya mitungi miwili: mti mchanga unaouhofia kiangazi huwekewa mitungi ya udongo kwenye shina, imejazwa maji, na kila mmoja una tundu dogo sana, ili maji yateremke tone kwa tone hadi mizizini, wewe ukiwa katika shughuli zako. Wahandisi wa siku hizi wanafanya kazi hiyo kwa mipira ya plastiki. Na iko hila ya chungu kilichotobolewa kitako: unapitisha tawi la mti ndani yake lingali mtini, unakijaza udongo, unakinyweshea, mpaka tawi litoe mizizi humo humo, kisha unalikata chini ya chungu na tayari una mche. Hila hii Warumi waliijua kabla, na watu wa Andalus hawakuona vibaya kuchukua elimu kwao na kuizidisha.

Msomaji anayetaka kujua bustani ya nyumbani ilivyopangwa amtazame Ibn Luyun wa Almeria, aliyefariki mwaka 1349. Huyu aliiweka elimu ya kilimo katika urjuza, kama vile sisi madrasani tulivyohifadhi nahau kwa beti. Ushauri wake juu ya nyumba yenye bustani ni huu kwa ufupi: nyumba iwe mahali pa juu, ielekee kusini, kisima au mfereji uwe upande wa juu ili maji yateremke yenyewe, yapite kivulini. Karibu na birika ipandwe mimea isiyopukutisha majani, ili jicho lisikose ukijani wakati wa baridi. Mbele kidogo maua ya kila namna. Pembezoni mizabibu itambae, na njia zipite chini yake. Katikati kiwe na kibanda cha kukalia kilicho wazi pande zote. Na kibanda hicho, asema, kiwe kwa namna ambayo anayekaribia hawezi kusikia mazungumzo ya waliomo. Nilicheka niliposoma hapo. Huyo alikuwa mtu aliyewahi kuwa na majirani.

Ua wa namna hii haukuwa wa kujionyesha. Ukutani kwa upande wa njia hapakuwa na kitu, pengine mlango tu na dirisha dogo juu, na uzuri wote uligeuzwa ndani kwa walio ndani. Mpita njia hakujua kama mwenye nyumba ni tajiri au maskini. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu nyumba zetu za mawe zilikuwa hivyo. Watu wa Lamu wauita ua huo kiwanda. Magofu ya Gedi yana nyua zake, Songo Mnara vile vile, na katika Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la karne ya 14, wachimbuaji walikuta birika la pembe nane. Wala hatukuwa dunia mbili zisizojuana. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na kwetu Mombasa akaandika habari za ndizi, malimau na machungwa. Yapata mwaka 1350 mtu huyo huyo alikuwa Granada, akasifu bustani zilizouzunguka mji, akakaa siku mbili katika bustani ya faqihi mmoja pamoja na Ibn Juzayy, kijana ambaye baadaye ndiye aliyemwandikia safari zake. Mtu mmoja, kwa miguu na jahazi, aliketi katika nyua za kwetu na za kwao.

Kisha yakaja yaliyokuja. Cordoba ilianguka mwaka 1236, Seville mwaka 1248, Granada mwaka 1492. Waislamu waliobaki walilazimishwa kubatizwa, na baina ya 1609 na 1614 wajukuu wao wakafukuzwa nchini kwa amri ya mfalme, watu wapatao laki tatu, wengi wao wakiwa wakulima waliojua mifereji ile kuliko mtu yeyote. Waliotoka walichukua walichoweza kubeba. Udongo haubebeki.

Walichoacha kingine ni maneno. Mhispania hata leo tangi la maji la bustani huliita alberca, nalo ni al-birka, ndilo birika letu la msikitini. Mfereji ni acequia, yaani as-saqiya. Kitalu cha maua kando ya ukuta ni arriate, kutokana na riyadh. Mti wao mmoja wenye majani ya harufu nzuri, unaokatwa ukawa kama ukuta mfupi kandokando ya birika, huitwa arrayán, ambalo ni neno rayhan. Sisi kwa neno hilo hilo twauita mrehani, mmea mwingine kabisa. Neno moja limetua mahali pawili, kila watu wakalipa kile walichokuwa nacho chenye kunukia.

Mjini Cordoba mtindo wa ua haukufa. Nataka nisizidishe hapa: Warumi nao walikuwa na nyua kabla ya Uislamu, na yale maua mekundu yanayojaza vyungu vya Cordoba leo asili yake ni Rasi ya Afrika Kusini, Ibn al-Awwam hakuyaona. Lakini mtu akiingia katika ua ule, ukuta uliopakwa chokaa, kisima, sakafu ya kokoto na vyungu kwa mamia vilivyotundikwa mpaka juu, atajua yuko katika nyumba ya namna gani. Nyingi zilikuwa nyumba za watu wa kipato kidogo, familia kadhaa zikiushiriki ua mmoja. Tangu 1921 mji una mashindano ya nyua, hufanywa mwezi wa Mei, na mwaka 2012 UNESCO iliitia sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kwa kuvinywesha vyungu vya juu wanawake na wazee hutumia kopo la bati lililofungwa kwenye ncha ya tete refu. Hapana mashine, hapana fundi.

Habari iliyonigusa zaidi kuliko zote ni ya Seville. Katika miaka ya 1360 mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza, alijijengea jumba katika ngome ya zamani ya Waislamu, na kwa kuwa aliupenda ujenzi wao aliajiri mafundi Waislamu. Ua mkuu wa jumba hilo waliufanyia bustani kwa desturi yao: birika refu katikati, na pande zote mbili vitalu vilivyochimbwa chini kuliko njia. Hiyo nayo ilikuwa hila ya Andalus. Mti ukipandwa chini ya usawa wa miguu, vichwa vya maua humfikia anayepita kama zulia, na maji hutiririka kutoka njiani yakateremka yenyewe vitaluni. Mwishoni mwa karne ya 16 wenye jumba wakaona bustani imepitwa na wakati. Wakaifukia na kuitandikia marumaru. Kwa miaka zaidi ya mia nne watu walikanyaga marumaru ile wakidhani ndiyo hali ya ua tangu mwanzo. Kati ya 2002 na 2005 wataalamu wa mambo ya kale wakachimba, na chini yake wakakuta birika na vitalu. Marumaru ikaondolewa, miti ikapandwa, na leo mgeni huiona bustani mahali pake.

Nilimsomea mwanangu habari hiyo baada ya Isha. Hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata alirudi na mtalimbo na nyundo ya kuazima. Hatukuvunja ua wote, maana nami natembea kwa bakora sasa, na sehemu ngumu ya kukanyaga nahitaji. Tulikata ukanda wa upana wa dhiraa mbili kando ya ukuta wa mashariki, ambapo jua la jioni hufika, na tukauacha chini kidogo kuliko sakafu ili maji ya mvua yaelekee huko badala ya sebuleni. Vipande vya simiti tuliviweka chini kabisa vipitishe maji, juu yake mchanga, juu yake ile mbolea yangu ya pipa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Ukingo tumeupanga kwa mawe ya matumbawe tuliyoyakuta nyuma ya nyumba, bila kuyajengea, ili siku tukikosea tuyasogeze.

Chini ya simiti palikuwa na vumbi jeupe tu, isipokuwa mahali pamoja. Mzizi wa mkomamanga ulikuwa ungali pale, mnene kama mkono, mkavu kwa nje. Mwanangu aliukwangua kwa kisu, akaniita nitazame, kwa kuwa macho yake ni bora kuliko yangu. Nilipapasa palipokwanguliwa, nikahisi unyevu. Hatujui kama utachipua. Tumeufunika udongo na kuuwekea mtungi wenye tundu, nasi twaingoja vuli.